Kilichokuwa Ndani ya Mpini

Mke wa Kifuu alikataa tena kukaa kwenye benchi la kituo.

"Benchi la polisi ni la watu wenye kesi," alimwambia Koplo, kama alivyomwambia jana na juzi. "Mimi sina kesi, mume wangu hana kesi. Siku akitoka nitakaa. Leo nasimama."

Akasimama katikati ya korido, mfuko wa nguo safi mkononi, palepale ambapo kila askari aliyepita alilazimika kusema samahani mama. Na huo ndio uliokuwa mpango wake, usifikiri alisimama hapo kwa bahati mbaya.

Inspekta Kupe naye alisema samahani mama, akapita, akafunga mlango wa ofisi yake. Kupe si jina alilopewa na wazazi. Kituo kizima kilimwita hivyo kwa sababu akishaing'ang'ania kesi, hata uimwagie mafuta ya taa haachii. Mwanzoni alikuwa anakasirika. Siku hizi aliitika tu, tena kwa sauti.

Mezani, ndani ya mfuko wa plastiki, kilikuwepo kisu kilichochomolewa ubavuni mwa mtunza stoo wa kiwanda cha ndoo na mabeseni. Mtunza stoo alikuwa hospitali, hajafumbua macho. Kisu kilikuwa na umbo ambalo mji mzima unalijua: ubapa mpana wenye tumbo, mgongo ulionyooka, mpini mweusi wenye pete ya shaba shingoni. Visu vya namna hiyo anafua mtu mmoja tu, mhunzi mwenye kichwa kinachong'aa ambaye hata watoto wake wanamwita Kifuu. Ndiyo maana Kifuu alikuwa mahabusu, na kesho asubuhi angesimama mahakamani kusomewa shtaka la kujaribu kuua. Akishasomewa, kumtoa huko ingekuwa kazi ya miaka.

"Kesi imeiva," Mkuu wa kituo alikuwa amesema. "Kisu chake, shahidi yupo. Unataka nini tena?"

Kupe alitaka kumsikia huyo shahidi kwa mara ya pili.

Shahidi aliingia amechana nywele, shati limepigwa pasi, vidole vinanukia vanishi. Alikuwa fundi mipini. Kwa miaka mingi Kifuu alifua bapa, yeye akazitia mipini, na wateja wakasifu vyote viwili kwa pumzi moja.

"Tuanze upya, fundi," Kupe alisema. "Huu mpini ni wa nani?"

"Wangu, Inspekta. Mtoto wangu nitamkanaje?"

"Na ubapa?"

"Wa Kifuu. Aliniletea mwenyewe, kama kawaida yetu. Roho inaniuma, maana Kifuu ni ndugu yangu kabisa, tumekula sahani moja. Lakini ukweli ni ukweli."

"Ulipoushika huo ubapa, uliona tofauti yoyote? Uzito? Rangi?"

Fundi mipini alicheka, akanyoosha mikono yake safi juu ya meza. "Mimi na chuma wapi na wapi? Mimi mtu wa mbao. Chuma kwangu ni kitu cha kuchomeka kwenye tundu, basi."

"Mpini huu unatoka?"

"Wangu? Hautoki ng'o! Labda uupasue. Gundi yangu ikishashika imeshika. Kilichoingia humo kimezikwa, Inspekta."

Alisema hivyo kwa fahari, na Kupe akaiandika fahari hiyo kichwani. Mtu anayelia kwa ajili ya ndugu yake mara chache hupata nafasi ya kuisifia gundi.

Alipoondoka, Kupe alimwita Koplo. "Nenda kwa yule mama pale koridoni. Mwombe kisu chochote alichonacho nyumbani ambacho mumewe alikitengeneza."

Koplo alirudi akijikuna shingo. "Amesema anacho kimoja, ndicho anachokatia mboga. Na amesema kikipotea hapa polisi, watoto watakula kwako."

"Mwambie sawa."

Kisu cha mboga kililetwa kimefungwa kwenye kanga. Kupe alichukua vyote viwili, na tupa mpya kutoka gereji ya magari ya kituo, akaenda chumba cha mahojiano. Kifuu aliletwa. Alikuwa amekonda mashavu, lakini kichwa kiling'aa vilevile.

"Kiangalie kwa macho, usikiguse," Kupe alisema. "Ni chako?"

Kifuu alikiinamia kisu cha kwenye mfuko kama daktari anavyomwinamia mgonjwa. "Umbo langu. Chuma si changu."

"Kila aliyekaa kwenye kiti hicho husema si changu."

"Una tupa hapo. Pitisha kwenye kisu cha mke wangu, pale karibu na mpini. Halafu pitisha kwenye hicho."

Kupe alivaa glovu. Kwenye kisu cha mboga tupa iliuma kidogo, ikaacha mkwaruzo na vumbi. Kwenye kisu cha ubavuni iliteleza. Alikandamiza zaidi, ikateleza tena, kama inapita kwenye kioo.

Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, Kifuu alicheka. "Umeona? Umeona, dada yangu? Mimi natumia springi za magari mabovu. Napasha kwa mkaa, nazamisha kwenye oili chafu, nakuuzia. Hicho ni chuma cha zana. Ndicho kinachotengenezewa kalibu za viwandani. Ukikikata na kukichonga nyumbani, sawa, utapata umbo, lakini kitakuwa laini, hakikati hata nyanya. Mpaka kipikwe. Na mkaa wangu hauwezi kukipika hata nivuvie mpaka kesho kutwa."

"Nani anaweza?"

"Mwenye tanuru la umeme linalopima joto. Zaidi ya digrii elfu moja, na likae hapohapo, lisipande wala lisishuke." Akatikisa kichwa. "Simjui. Sijawahi kumtafuta, maana sikuwa na shida naye."

Kalibu za viwandani. Kupe alirudi ofisini akilirudia neno hilo. Ndoo na mabeseni hayachongwi kwa mikono, hutolewa kwenye kalibu. Na nani huko kiwandani alilala karibu na vyuma vya kalibu, akavifungia na kuvihesabu? Mtunza stoo.

Mkuu alimsikiliza akiwa amekunja uso. "Kifuu naye ana miguu. Angeweza kuiba chuma hicho, akampelekea huyo mwenye tanuru."

"Ndiyo maana nataka kumpata mwenye tanuru, afande. Atasema nani alimletea."

"Una leo tu."

"Na nataka kuupasua mpini."

Mkuu alimnyooshea kidole. "Ukiharibu kielelezo, Inspekta, nitakupeleka ukalinde geti mpaka ustaafu."

"Geti nalo linahitaji mtu, afande."

Mpini ulipasuliwa mbele ya mtunza vielelezo, ambaye alipiga picha kila hatua na kuguna kila picha. Patasi iliingia kwenye mstari wa mbao, nyundo ikagonga mara kadhaa, na gundi ile iliyosifiwa ikapiga kelele ya kuachia. Ndani ulitokea mkia wa kisu, ile sehemu nyembamba inayoingia kwenye mpini na ambayo mnunuzi haioni maishani. Juu yake kulikuwa na vishimo vitatu vidogo vilivyopangana, kila kimoja kama alama ya ncha ya msumari. Karibu na mwisho kulikuwa na tundu dogo. Na mwisho wenyewe haukulainishwa. Mtu alikata kwa msumeno upande huu, akakata upande ule, akachoka, akauvunja uliobaki. Katikati ulibaki ulimi mfupi wa chuma kilichomeguka.

"Panya?" Koplo aliuliza, akitafuna karanga.

"Panya wa meno gani, wewe?"

Hakuna aliyejua maana ya vishimo. Kupe hakujali. Atakayeijua ndiye waliyekuwa wanamtafuta.

Walitoka wamevaa nguo za nyumbani. Fundi wa gereji ya kituo alikuwa amemchongea Kupe ubapa mbichi kwa grenda, wa haraka haraka, na Kupe aliubeba kwenye gazeti kama mtu aliyeanza kupenda kutengeneza visu sebuleni kwake na sasa amekwama. Kisu chenyewe kilikuwa kwenye sanduku lililotiwa lakiri, mapajani mwa Koplo.

"Hadithi yetu ni ipi, afande?"

"Natafuta wa kunipikia ubapa. Wewe ni shemeji yangu, na huna kazi."

"Kwa nini mimi ndiye nisiye na kazi?"

"Uso wako unaaminika."

Walianzia chuo cha ufundi. Kulikuwa na tanuru kweli, kubwa, la kijani, zawadi ya watu wa mbali. Mwalimu aliwapeleka kwa heshima mpaka mlangoni pake, akaufungua. Ndani kulikuwa na mwavuli, chupa ya chai na viatu vya mvua.

"Liliungua waya," mwalimu alisema. "Lakini kama kabati, halina mfano."

Hapo hapakuwa na kitu. Walimshukuru, na Koplo akacheka mpaka barabarani.

Kituo cha pili kilikuwa kwa mwanamke mfinyanzi, mwenye ua uliojaa vyungu na vikombe vya rangi ya bluu. Tanuru lake lilifanya kazi, na lilipanda moto kupita elfu moja. Lakini mfinyanzi alipouona ubapa kwenye gazeti, alirudi nyuma na kuinua mikono yenye udongo.

"Visu tena? Hapana, mwenzangu. Sirudii kosa."

"Kosa gani, dada?"

"Alikuja mtu hapa na ubapa kama huo, mrembo kuliko huo wako, usinichukie. Nikamchomea pamoja na sahani. Ulitoka umevaa magamba kama samaki, tena umepinda! Chuma cha zana hakitaki hewa kikiwa motoni, mimi ningejuaje? Mimi mtu wa udongo. Lo, alivyonitukana! Nimemharibia chuma chake cha thamani, sijui nini. Nikamwambia, baba, nenda kwa Mama Tanuru nyuma ya godauni la matairi, yeye ndiye anayepika kalibu za viwanda, uniache na vyungu vyangu."

"Alikuwaje, huyo mtu?"

Mfinyanzi alifikiri, akijifuta mikono. "Mtanashati. Shati pasi, nywele kitana. Ila ananukia vanishi, mpaka sahani zangu zikanuka."

Koplo aliacha kutafuna.

Nje ya ua, Kupe alisimama kwenye jua, akavuta pumzi mpaka chini kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Kifuu alikuwa amekivaa nguoni miaka yote hiyo akikiita ndugu. Alitaka kukimbia. Alitembea, kwa sababu harufu ya vanishi si ushahidi mahakamani, na kisu cha kwa mfinyanzi kilipinda. Kilichomwingia mtunza stoo kilikuwa kimenyooka.

Karakana ya Mama Tanuru ilisikika kabla haijaonekana. Mashine zilinguruma, feni zilivuma, na juu ya yote sauti ya mwanamke ilimuuliza mtu kwenye simu kama anafikiri chuma ni maharage. Alikuwa mwanamke mnene, mrefu, aproni ya ngozi mpaka magotini, na cheti chake cha uhandisi kimetundikwa ukutani kwenye fremu ya dhahabu ambapo hakuna mteja angeweza kukikwepa. Ukuta uliobaki ulijaa misumari, na kwenye kila msumari ulining'inia waya wenye kipande kidogo cha chuma.

"Karibuni. Leteni nione."

Kupe alimpa ubapa. "Nimetengeneza mwenyewe nyumbani. Naomba unipikie."

"Chuma gani?"

"Cha zana."

"Cha zana," Mama Tanuru alirudia. Akauchukua ubapa, akawasha grenda ya mezani, akaugusisha mkia kwenye jiwe kidogo tu. Cheche ndefu nyeupe ziliruka mpaka ukutani, zikapasuka matawi matawi. Akazima. "Hii springi ya gari. Chuma cha zana cheche zake fupi, nyekundu, zimechoka. Na wewe hujawahi kutengeneza kisu maishani mwako, mama, maana mtengenezaji angeniangalia mkono ulioshika ubapa wake kama mzazi kwenye chanjo. Wewe unaangalia ukuta wangu. Nyie ni nani?"

Koplo alikohoa. Kupe alicheka, kwa sababu alipenda kukutana na mtu anayejua kazi yake, akatoa kitambulisho.

"Ungesema tangu mwanzo," Mama Tanuru alisema, bila kutishika hata kidogo.

Kupe akafungua sanduku. Mama Tanuru alivaa miwani, akauinamia mkia wa kisu.

"Kimepita kwangu," alisema. "Hivyo vishimo ni vyangu. Kipimo cha ugumu. Nikishapika, mashine inabonyeza ncha ya almasi mara tatu, nasoma. Nabonyeza mkiani, kwa sababu mpini utafunika. Na hilo tundu ni la waya. Navining'iniza humo tanuruni, ukivilaza vinapinda."

"Kwa hiyo unajua ni cha nani."

"Napika mamia. Subiri." Alielekeza kidole kwenye ukuta wa misumari. "Wateja ni waongo, Inspekta. Nisamehe, lakini ni waongo. Mtu anakuletea springi, anakwambia cha zana, kikitoka kibovu anakudai. Kwa hiyo mimi nina sheria yangu. Hupikiwi mpaka uniletee kipande kilichokatwa kwenye chuma hichohicho. Nakipika pamoja na mzigo wako. Tukigombana, tunakipima. Tunakiita shahidi. Anakaa hapo ukutani mpaka uchukue mzigo wako wote."

Kupe aliusogelea ukuta. "Visu vyenye umbo hili. Mzigo wake wote ulichukuliwa?"

"Bado! Mhandisi ana vinne vyake hapa. Kwanza alileta kimoja cha majaribio, akakichukua, akafurahi. Akaleta vinne vya chuma hichohicho, shahidi wao yuleyule wa mwanzo. Nimevitoa jana."

"Mhandisi?"

"Anajiita Mhandisi. Mimi niliyesomea nikamwangalia tu." Alikwenda ukutani, akashusha waya, akamwekea Kupe kiganjani kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba.

Kilikuwa kimekatwa kwa msumeno upande huu, na upande ule, na katikati kimemeguka. Palikuwa na kishimo mahali ulimi ulipong'oka.

Kupe alikisogeza kipande taratibu mpaka kwenye mkia wa kisu. Ulimi uliingia kwenye kishimo. Mistari ya msumeno ikaungana, huku na huku. Alikigeuza kwenye mwanga: hata unywele usingepita kati yake.

"Eeh!" Koplo alisema. "Eeh! Afande!"

"Nimeona."

"Afande, vimekutana!"

"Koplo, nimeona!" Lakini alikuwa anacheka, na alimpiga mwenzake bega mpaka karanga zikamwagika.

Kisha alijituliza. Kipande kilikutana na kisu, sawa, lakini sasa ilibidi kikutane na mtu. Wakili yeyote angesema Mama Tanuru amekosea sura. "Mpigie huyo Mhandisi," alisema. "Mwambie visu vyake vimeiva, na una mzigo mkubwa unakuja, avitoe leo."

Mama Tanuru alibonyeza simu, na sauti yake ikageuka asali. Alipoikata alisema, "Anakuja sasa hivi. Amefurahi mno."

Na kwa nini asifurahi? Kifuu yuko ndani. Kesho anasomewa. Mji unataka visu vya umbo lile, na kabaki mtu mmoja tu wa kuviuza. Kupe aliliona jambo zima sasa, lote kwa pamoja: fundi mipini aliyechoka kuwa nusu ya sifa, chuma kilichopungua stoo, mtunza stoo aliyemfuata kumuuliza. Na kisu cha majaribio kiunoni.

"Ananijua sura," Kupe alisema. "Nipe aproni."

Mama Tanuru alimvalisha aproni ya ngozi, glovu za mpaka kwenye kiwiko, na ile kofia ya kioo cheusi wanayovaa mafundi wa kuchomelea. Koplo alitoka nje, akaipindua baiskeli ya mlinzi getini na kuanza kuitengeneza, ingawa ilikuwa nzima. Kupe alisimama kando ya tanuru na koleo mkononi. Jasho lilimtiririka mgongoni. Kama yule mtu angegundua na kugeuka, Kifuu angepanda kizimbani kesho na mkewe angesimama koridoni mpaka azeeke.

Aliingia akiwa anapiga mluzi. Shati pasi, nywele kitana.

"Mhandisi wangu," Mama Tanuru alisema.

"Mama Tanuru, malkia wa moto! Viko wapi vijana wangu?"

Visu vinne viliwekwa mezani. Fundi mipini hakutazama mwingine yeyote karakanani. Alikichukua cha kwanza, akakilenga jicho moja kuona kama kimenyooka. Alikigonga kwa ukucha, akausikiliza mlio. Akatoa tupa ndogo mfukoni mwake mwenyewe, akaipitisha mkiani. Ikateleza, akatabasamu kama bwana harusi.

"Ugumu umefika ngapi?"

"Sitini na moja, vyote. Kama kile cha kwanza." Mama Tanuru alifuta miwani yake kwa pindo la aproni. "Kile kilikuwaje? Hukuniambia."

"Kile? Kazi safi. Nilichonga mwenyewe, nikatia mpini mwenyewe, mweusi, na pete ya shaba. Watu watasahau kama kulikuwa na mhunzi mwingine mji huu."

"Kwa hiyo chuma unakijua barabara."

"Mama, hakuna anayekijua chuma kunipita."

Kupe aliinua kofia.

Aliiinua taratibu, kwa sababu kesi kama hii huipati kila mwaka, na mtu ana haki ya kuionja. Jasho lilikuwa limemlowesha uso mzima. Fundi mipini alimtazama, na tupa ikamtoka mkononi, ikaanguka sakafuni.

"Fundi," Kupe alisema, "si uliniambia wewe na chuma wapi na wapi?"

Aligeuka mbio. Koplo alikuwa mlangoni tayari, na baiskeli ya mlinzi imelala kizingitini. Fundi mipini aliikwaa, akaruka, akatua mikononi mwa Koplo kama mzigo wa soko.

"Pole, Mhandisi," Koplo alisema, akimfunga pingu. "Njia ya mwongo fupi."

"Kile si changu!" fundi mipini alipiga kelele. "Nani anasema ni changu? Kisu hakina jina!"

Kupe alimwonyesha kile kipande kidogo kwenye waya wake, na mkia wa kisu ndani ya sanduku. Alivikutanisha mbele ya macho yake, mara moja tu. Fundi mipini alitazama mpini wake uliopasuliwa vipande viwili, gundi ikiwa imeachia, na ndipo akaacha kuvutana na pingu.

"Umeupasua," alisema.

"Uliniambia mwenyewe hakuna njia nyingine."

Mwenye kuchonga mpini huamini kwamba alichokifunika hakipo. Mkia hakuulainisha, ya nini, ni nani ataona? Ndilo kosa lililomponza, na lilikuwa kosa la ufundi wake mwenyewe. Kabla gari halijafika kituoni alikuwa ameshasema yote: chuma alivyokitoa stoo kidogo kidogo, mtunza stoo alivyomkamata mkono, na alivyofikiria, akikimbia, kwamba kukiacha pale kisu chenye umbo la Kifuu ni kumwachia Kifuu kesi.

Mkuu wa kituo alisoma maelezo akiwa amesimama. Akaangalia picha, kipande, kisu. Akavua kofia, akaivaa tena. "Na geti?" alisema mwishowe.

"Geti litasubiri, afande."

"Mtoe mhunzi. Mtoe sasa hivi, kabla sijaanza kujisikia vibaya." Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo ambayo Koplo aliisimulia kituo kizima kwa wiki nzima, "Kazi nzuri, Inspekta. Kazi nzuri sana."

Simu ya hospitali ilikuwa imepigwa pia. Mtunza stoo alikuwa amefumbua macho na kuomba maji.

Mke wa Kifuu alikuwa palepale, katikati ya korido, mfuko mkononi, miguu imevimba kwenye ndala. Alipoona mlango wa mahabusu unafunguka alinyoosha shingo. Kifuu alitoka ameshika suruali kwa mkono, maana mkanda wake alikuwa bado hajarudishiwa. Kichwa kiling'aa.

Mwanamke alipiga kigelegele. Kilipanda darini, kikashuka kwenye ofisi zote, kikaingia chumba cha vielelezo ambako kelele ni marufuku kwa maandishi. Mkuu alitoka kuja kumnyamazisha, akafika mlangoni, akasimama, akaacha.

"Kisu changu cha mboga," mwanamke alimwambia Kupe, machozi yanamtiririka.

Kupe alimkabidhi kikiwa kimefungwa kwenye kanga yake. "Kina mkwaruzo kidogo. Nisamehe, mama."

"Mkwaruzo nitautunza mpaka nife." Akampa mumewe mfuko wa nguo safi. Akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama anayechagua papai, akamwachia. Halafu akatazama nyuma yake, akalipapasa lile benchi kwa kiganja, akakaa.

Alikaa kwa uzito wake wote, akatoa pumzi ndefu, akanyoosha miguu mbele yake koridoni. Askari wawili waliokuwa wanapita walisimama, wakamzunguka kwa heshima.

"Sogea," alimwambia Kupe, akilipiga benchi ubavuni mwake. "Na wewe umesimama siku nyingi."